Lenzi moja ya Mji Mkongwe: angalia kwanza una nafasi gani mgongoni

Swali: "Mwezi ujao nakwenda Unguja na mama yangu na wanangu wawili, wa miaka mitano na minane. Tutalala Mji Mkongwe siku nne. Nina Canon 2000D, ile 18-55 iliyokuja na kamera, na 50 f/1.8 niliyonunua baadaye. Kwa watoto na mizigo siwezi kubadilisha lenzi njiani, nataka kutembea na moja tu. Kaka mmoja anayepiga picha za harusi hapa mtaani kaniambia nichukue 50, ndiyo inaona kama jicho la binadamu, na kwamba 18-55 ni ya kujifunzia tu, haitoi picha. Mwingine anauza 18-200 iliyotumika, anasema hiyo inamaliza kila kitu. Halafu nimeona 24 f/2.8, nyembamba kama kifuniko, bei yake inavumilika. Napenda milango, watu, chakula cha usiku Forodhani, na picha za wanangu ambazo nyuma pamefifia. Nichukue ipi?"

Dada yangu, ninavyokusoma, hofu yako ni kwamba utafika mahali ulipopatamani muda mrefu, ugundue lenzi iliyo shingoni siyo, na nyingine iko mbali. Hofu hiyo ina msingi. Basi jibu nalitanguliza ili usiendelee kuumia kichwa: tembea na 18-55 uliyonayo. Usinunue chochote kwa ajili ya safari hii. Sababu zake ni ndefu kidogo, na nazieleza kwa sababu umeshapewa ushauri wa aina tatu na kila mmoja una ukweli ndani yake.

Nianze na jicho la binadamu. Maneno hayo yametoka kwenye kamera za filamu, ambazo fremu yake ilikuwa na upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kwenye fremu hiyo lenzi ya 50, yaani ya milimita 50 (namba ikiwa ndogo lenzi inaona upana zaidi, ikiwa kubwa inavuta karibu), inaonyesha vitu kwa ukubwa ambao macho yetu hayaushangai, haivuti wala haisukumi. Henri Cartier-Bresson, yule mpiga picha Mfaransa, alipiga sehemu kubwa ya picha zake za mitaani kwa Leica yenye lenzi ya 50, na tangu hapo namba hiyo imebaki na heshima yake. Lakini 2000D yako haina fremu ya ukubwa huo. Kihisi chake, kile kibamba kinachopokea mwanga mahali pa filamu, kina upana wa milimita 22.3 tu. Lenzi ni ileile na inaleta taswira ileile, ila kamera yako inachukua sehemu ya katikati na kuacha kingo. Ni kama kutazama uwanja kupitia dirisha halafu mtu akalipunguza dirisha: uwanja haujasogea, wewe ndiye umebaki na kipande. Kwenye mkono wako 50 inaona kama 80 ingeona kwenye kamera ya filamu. Kamera yako ikitaka kuona alivyoona Cartier-Bresson, inahitaji lenzi ya milimita 31 hivi, na namba hiyo imo ndani ya 18-55 yako.

Simlaumu kaka wa harusi. Kazi yake ni nyuso za watu ndani ya kumbi zenye taa hafifu, na hapo 50 f/1.8 haina mpinzani kwa bei yake (namba ya f inaeleza tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaoingia ni mwingi). Kakupa dawa inayomtibu yeye.

Sasa tuingie vichochoroni, maana hapa ndipo swali lako linapojibika. Kuna hesabu moja nyepesi ambayo ningependa uikariri. Chukua umbali kati yako na kitu, kwa mita. Zidisha kwa 22, kisha gawanya kwa namba ya lenzi. Utakachopata ni upana wa kile kitakachoingia kwenye picha, ukiwa umeishika kamera kwa ulalo. Ukiisimamisha wima, hicho ndicho kimo.

Fanya uko Hurumzi au Kiponda, kwenye kichochoro ambacho ukuta mmoja uko mita tatu kutoka mwingine, na vingi ni vyembamba zaidi ya hapo. Umeegemeza mgongo kabisa. Kwa 50, kinachoingia ni mita 1.3. Kwa 24 ni kama mita 2.8. Kwa 18 ni mita 3.7. Chukua sasa mlango wa nakshi ambao pamoja na fremu yake ya mbao umefika mita tatu kwenda juu, na milango ya namna hiyo haikosekani. Kwa 50 unahitaji kurudi nyuma karibu mita 7. Utarudi wapi? Mgongoni kuna nyumba ya mtu. Kwa 24 unahitaji mita 3.3, kwa hiyo utapungukiwa kidogo, utakata kizingiti cha juu au ngazi ya chini. Kwa 18, mita mbili na nusu zinatosha na kichochoro kinakubali.

Ndiyo maana nasema angalia nafasi uliyo nayo mgongoni kabla ya kuangalia sifa za lenzi. Mji uliojengwa kabla ya magari unakunyima nafasi ya kurudi nyuma. Picha ikiwa pana kupita kiasi unaweza kuikata baadaye nyumbani: 2000D inatoa pikseli milioni 24, na hata ukibakiza robo yake unapata picha ya kuchapa kwa ukubwa wa A4 bila aibu. Picha iliyobana haina tiba. Kile ambacho hakikuingia hakipo.

Kuhusu lenzi ya kit, yaani hiyo 18-55 iliyokuja na kamera, kwamba "haitoi picha", hapo nakataa. Ukiibana tundu hadi f/8 mchana, 18-55 inatoa picha kali ambayo mtu akiitazama ukutani hawezi kukuambia imepigwa na lenzi gani. Ina udhaifu, na udhaifu wake unajulikana. Ukiwa kwenye 18, mistari iliyonyooka iliyo karibu na kingo inapinda kuelekea nje, jambo linaloudhi sana kwenye fremu ya mlango. Ukipata hata nusu hatua ya kurudi, sogeza pete hadi 20 au 24, mpindo unapungua sana. Udhaifu wa pili, na huu ni mkubwa zaidi, ni mwanga. Lenzi inaanzia f/3.5 ukiwa kwenye 18, na kadiri unavyovuta, tundu linajibana lenyewe hadi f/5.6 kwenye 55. Ukilinganisha na 50 yako iliyofunguliwa f/1.8, ile 55 inapokea mwanga mara kumi pungufu. Mchana hutalijua hilo. Usiku utalijua, nitarudi huko.

Ile 24 naipenda, nakiri. Ina gramu 125, inakaa kwenye mkoba wa mkononi, na inasogea hadi sentimita 16 kutoka kwenye kitu, kwa hiyo njumu moja ya shaba mlangoni inaweza kujaa fremu. Ingekuwa huna lenzi nyingine ningekwambia uinunue. Lakini pima unachoongeza. Kit yako ikiwa kwenye 24 tundu lake ni kama f/4, na hiyo ndogo ni f/2.8. Mwanga unaongezeka mara mbili, basi. Wakati huohuo unapoteza ile 18 inayokuokoa kichochoroni na ile 55 ya nyuso za wanao. Kwa siku nne na familia, sioni kama biashara hiyo inakulipa.

Na kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi kuhusu kufifisha nyuma. Watu wanatazama namba ya f peke yake, wakidhani f/2.8 lazima ififishe kuliko f/5.6. Kinachofifisha, ukiwa umejaza uso uleule kwenye fremu na nyuma pako mbali, ni upana halisi wa tundu, nao unaupata kwa kugawanya namba ya lenzi kwa namba ya f. Lenzi ya 24 kwa f/2.8 ina tundu la milimita 9 hivi. Kit yako kwenye 55 kwa f/5.6 ina tundu la karibu milimita 10. Umeona? Lenzi unayoambiwa ni ya kujifunzia inafifisha sawa na hiyo mpya, pengine inaipita kidogo. Ile 50 kwa f/1.8 ina milimita 28, hiyo iko daraja lake.

Kwa hiyo picha za watoto piga hivi: vuta hadi 55, simama kama mita mbili, na umtoe mtoto ukutani. Hilo la mwisho lina uzito kuliko lenzi. Mtoto aliyeegemea mlango, hakuna lenzi itakayofifisha nyuma yake kwa sababu mlango uko palepale alipo yeye. Mtoto aliyesimama mdomoni mwa kichochoro kirefu, nyuma yake kukiwa na mita kumi za kivuli na nguo zilizoanikwa, utampata ametengana na nyuma hata kwa f/5.6. Usimpige uso kwa 18 ukiwa umemsogelea sana. Pua itakua na masikio yatakimbia nyuma, na kosa hapo ni la umbali zaidi kuliko lenzi: chochote unachokitazama kwa karibu mno, sehemu yake iliyo mbele inakuzwa kuliko iliyo nyuma.

18-200 nitaimaliza haraka. Ni lenzi ya heshima kwa anayekwenda Mikumi na hataki kubeba nyingi. Ina gramu 595, nzito kuliko kamera yako yenyewe, na tundu lake halizidi la kit. Mji Mkongwe hauna kitu cha mbali cha kukidai hicho 200, isipokuwa majahazi baharini. Kinachobaki ni kuwavuta watu wakiwa mbali bila wao kujua, na hilo nisingependa ulifanye. Unguja ni mji wa watu wenye staha. Mzee aliyekaa barazani na kahawa yake, mpe shikamoo, zungumza naye, kisha omba. Ukiwa na 24 au 35 unalazimika kumkaribia kiasi cha mita moja na nusu, na picha ya mtu aliyekuruhusu inaonekana usoni mwake. Kina mama waulize kabla hujainua kamera, na wakikataa ishushe. Kambi, vituo vya polisi na majengo ya serikali yenye walinzi usiyapige kabisa.

Mchana wa Mji Mkongwe una tabia yake. Jua la saa sita linaingia kichochoroni kama ukanda mwembamba mkali, pembeni giza. Kamera haiwezi kubeba vyote viwili. Itaunguza ukanda au itazamisha kivuli. Lenzi ya bei yoyote haikusaidii hapo. Tembeza watoto kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi alasiri, na saa za katikati tafuta kichochoro kilicho kivulini chote, ambako mwanga unashuka laini kutoka kuta nyeupe za juu. Milango inapendeza sana katika mwanga huo kwa sababu nakshi zake zinaonekana bila vivuli vya kukatakata.

Majengo marefu nayo yana lake. Beit al-Ajaib iliyojengwa mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na kuta za Ngome Kongwe iliyo jirani, zote zinatazama bustani ya Forodhani. Pale angalau unapata nafasi ya kurudi nyuma. Itumie. Ukisimama chini kabisa ya ukuta na kuiinamisha kamera kutazama juu, jengo litaonekana linalala kuelekea nyuma. Rudi bustanini, shika kamera ikiwa imenyooka, ukubali majani mengi chini ya picha, kisha ukate baadaye.

Sasa Forodhani jioni, ambako naona ndiko moyo wako uliko. Jua linazama upande wa bahari, mwaka mzima ni kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro. Nusu saa kabla ya hapo vijana wa makachu wanaanza kujirusha kutoka ukutani kuingia majini, kila mmoja na mtindo wake. Mwanga bado upo wa kutosha, kwa hiyo kit inaweza: weka gurudumu kwenye Tv (wewe unachagua kasi, kamera inachagua tundu), kasi 1/1000 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, uiachie kamera. Usijaribu kumfuata kijana hewani. Lenga mahali atakapopita, kati ya 24 na 35, ili bahari na wanaotazama waingie pia, halafu bonyeza mfululizo.

Likishazama, meza zinawaka taa na moshi wa mishikaki unapanda. Hapa kit inachoka, na namna ya kuibeba ni hii: baki kwenye 18 ili upate f/3.5, usivute, sogea kwa miguu. Kwenye Tv weka 1/60 kwa mpishi aliyesimama na 1/125 mikono ikiwa inakanda unga wa Zanzibar pizza. Kwenye menyu iambie kamera ISO yake ya juu kabisa iwe 6400. Kutakuwa na chengachenga, vile vidoadoa vinavyoletwa na ISO kubwa, na mimi nazipenda chengachenga kuliko picha iliyotikisika, kwa sababu chenga zinapungua ukiichapa picha na mtikisiko hauondoki. Flashi iache imelala. Inaua rangi ya taa na moshi, navyo ndivyo vilivyokupeleka pale. Msogeze mama na watoto karibu na taa ya meza yenyewe, mwanga wa urefu wa mkono kutoka usoni ni mwingi kuliko unavyodhani.

Angalia pia kama lenzi yako ina herufi IS mbele au swichi ya kuzuia mtikisiko ubavuni. Kit za 18-55 ziliuzwa za aina mbili, yenye IS na isiyo nayo, na wenye nazo wengi hawajui yao ni ipi. Ikiwa nayo, kwenye 18 unaweza kushuka hadi 1/15 kwa kitu kisichotembea, kama sahani za pweza mezani. Usisahau kwamba IS inatuliza mikono yako tu, mpishi anayegeuka itamwacha amechoreka. Ikiwa haina, usishuke chini ya 1/30 kwenye 18, wala chini ya 1/100 ukivuta hadi 55.

Na hapa nakuomba ulegeze sharti lako kidogo. Umesema huwezi kubadilisha njiani, nami nakubali, upepo wa chumvi na mikono ya watoto si mahali pa kufungua kamera. Lakini chumbani, kabla ya kutoka jioni, inawezekana. Ile 50 yako haizidi gramu 160. Itie kwenye sanduku, na jioni moja mama akikubali kukaa na watoto barazani, ivae uende Forodhani nayo. Uwanja uko wazi, unaweza kurudi nyuma, na f/1.8 inakupa mwanga karibu mara nne ya kit ikiwa kwenye 18. Ukiwa mezani, umbali wa sentimita 60, itakuonyesha bakuli la urojo na mkono unaolishika, sentimita 26 tu, si meza nzima. Jioni hiyo utakuwa na lenzi moja vilevile.

Kuhusu hewa ya kule: ukilala chumba chenye kiyoyozi, kioo cha lenzi kinapoa, na ukitoka nje mvuke wa joto unaganda juu yake hapohapo. Usifute ukiwa mvuke bado unakuja, unasugua chumvi kwenye kioo. Funga kamera ndani ya mkoba wake, itoe chumbani kama nusu saa kabla hujaanza kupiga, iache ipate joto ikiwa imefungwa. Ukirudi usiku pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo kwenye mwili wa kamera, na kioo kifute kwa kitambaa chake pekee, baada ya kupuliza vumbi.

Kabla ya safari fanya jaribio moja. Ingia kwenye korido au kati ya nyumba mbili mahali penye mita tatu, shinda nusu saa hapo ukipiga milango na wanao kwa 18-55, kisha kwa 50. Ukiona picha za 50 ndizo zinazokugusa, na milango mizima hukuitaka sana kama ulivyodhani, basi nenda nayo wala usinijali. Kuna wapiga picha wanaoishi kwa vipande: kufuli, kiganja, kona ya baraza. Huenda ni mmoja wao na hujajua.

Katika jaribio hilo tazama mambo mawili ambayo mimi siwezi kuyaona kutoka hapa. La kwanza, piga jicho la mtoto kwa 50 ukiwa f/1.8 mara kadhaa, ukilenga kwa alama ya katikati, halafu ikuze picha kwenye skrini. Ikiwa kila mara ukali unaangukia sikioni au kwenye ncha ya pua badala ya jicho, kamera na lenzi hazipatani, na 2000D haina menyu ya kurekebisha hilo mwenyewe. Mpelekee fundi wa kamera vyote viwili pamoja, lenzi peke yake haitamwambia kitu. La pili, ondoa lenzi, fungua mfuniko wa mbele na wa nyuma, mulika kwa tochi ya simu ukiwa gizani. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu. Usiifungue wala usimwachie anayekwambia ataifuta kwa spiriti kwenye meza ya kutengenezea simu. Tafuta fundi anayefanya kazi ya lenzi, mwone ana kwa ana, akuambie bei kabla hajafungua. Kwa kit iliyoota kuvu, mara nyingi kupata nyingine iliyotumika ni nafuu kuliko kuisafisha, na hiyo nyingine pia uimulike tochi dukani kabla hujatoa pesa.